Mwalimu Stanislaus na Viatu vya Kushoto

Mtu akikuambia anawachukua mke na watoto wadogo kwenda mjini siku mbili, ukamwuliza nani amefariki akasema hakuna, ukamwuliza nani anaoa akasema hakuna, ukamwuliza basi nani mgonjwa akasema wote wazima, mtu huyo mwekee mlinzi. Mimi Bazilio, fundi baiskeli wa Mabamba, nimeishia darasa la sita, lakini jambo kama hilo halingoji darasa la saba.

Shemeji yangu, Mwalimu Stanislaus, alituambia hivyo hasa, Jumatano ya mwisho wa Agosti, mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Mama yangu, Ntirampeba, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mimi nilikuwa kwenye benchi la Mwalimu, mahali pangu pa siku zote.

"Ijumaa tunakwenda Kasulu," akasema. "Tunalala siku mbili. Jumapili tunarudi."

Mama alisimamisha mikono. "Kufanya nini, mkwe wangu?"

"Kutembea tu, mama. Watoto waone mji."

"Kutembea tu," mama akarudia polepole, kama anaonja mboga na hana hakika kama imechacha.

Mwalimu alipoingia ndani, mama aliniangalia, nami nikamwangalia, na kazi yangu ya wiki ile ikawa imepatikana.

Ngoja niwaeleze habari za huyu mtu, maana wengine mnamsikia tu. Alikuja kwetu mwaka elfu mbili na sita, na sanduku moja na blanketi zito la kwao Njombe. Blanketi kama lile kwetu lingetosha kumfunika ng'ombe. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu Kasulu, kijana mrefu, kimya, amenyooka kama spoku mpya. Akapangiwa kufundisha hesabu shule yetu ya msingi. Siku za kwanza watu walimwona ana majivuno. Sisi Waha, na sisi tulioingia nchi ya Waha kutoka ng'ambo ya mpaka, salamu yetu si jambo la kupita nalo. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unauliza ya nyumbani, ya shambani, ya mifugo, unaulizwa na wewe, mnapiga makofi tena. Yeye alisema "Habari zenu" na miguu yake ikiwa imeshapita. Wazee wakasema, huyu atarudi kwao kabla ya mvua.

Hakurudi. Nilimfundisha kupiga makofi mimi mwenyewe, hapa hapa chini ya ubao wangu wa baiskeli, na mwaka wa pili alikuwa anasalimia mpaka wazee wenyewe wanachoka na kutafuta sababu ya kuondoka. Mwaka elfu mbili na saba akamwoa Aneth, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Kwa kuwa Aneth ni kitinda mimba, mama hakukubali aende mbali, hata umbali wa kuitika. Mwalimu akajenga uani kwetu, mlango wake ukitazamana na mlango wa mama. Akapata Winifrida, akapata Kipriani. Mwaka ninaousimulia, Winifrida alikuwa na miaka mitano na Kipriani mitatu.

Tabia yake moja tu mkiijua, mmeshapata picha yake: viatu. Kila Jumapili asubuhi anakaa barazani na brashi na kopo la dawa, anang'arisha vyake, vya Aneth, vya watoto, halafu anavipanga kwenye mstari, ncha zikitazama nje. Nilimwuliza siku moja, "Shemeji, hivi viatu vinakwenda wapi?" Akasema, "Vinangoja." Sikulipenda jibu lile. Nililiweka akilini.

Sasa rudi kwenye ile Jumatano. Jioni mama aliniita jikoni kwake.

"Bazilio. Amesema Jumapili wanarudi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia kule ng'ambo, baba yako naye alisema Jumapili tunarudi. Nikaacha chungu cha maharage motoni, nikakifunika, nikasema nikirudi nitatia chumvi. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Maharage yale mpaka leo hayana chumvi."

Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Lakini mwaka ule ilikuwa na uzito wake. Watu wasio na karatasi walikuwa wameambiwa waondoke nchini, na hata sisi wenye karatasi zetu tulikuwa tunazihesabu asubuhi na jioni. Kuona mtu anafunga begi la watoto ilikuwa inatosha kumkausha mama mate.

"Huyu amepata uhamisho," akasema. "Anawapeleka watoto kwao kidogo kidogo. Leo Kasulu, kesho Kigoma, keshokutwa treni. Akifika Njombe atanipigia simu kunisalimia."

"Mwalimu hana moyo huo, mama."

"Baba yako alikuwa na moyo gani?" Akachochea kuni. "Ukiacha kitu kizima, unakisahau. Mimi chungu changu niliacha kizima, na mfuniko wake. Ukiacha nusu ya kitu, ile nusu uliyo nayo haikupi raha mpaka uirudie nyingine."

Sikuelewa alichokuwa anapanga. Ijumaa alfajiri nikaelewa. Pale barazani kwa Mwalimu, ule mstari wa viatu ulikuwa umeng'oka meno. Kiatu cha Winifrida kimoja, cha kulia. Cha Kipriani kimoja, cha kulia. Cheusi cha Mwalimu kimoja, cha kulia. Vya Aneth tu vilikuwa viwili, vimekaa salama. Aneth ni damu ya mama, mtu hajiibii.

Mwalimu alitoka, akavitazama. Akautazama mlango wa mama. Akarudi ndani, akatoka amevaa yeboyebo za plastiki, na watoto amewavalisha ndala.

"Kuna joto," akasema.

Agosti, Mabamba, alfajiri, kila mtu ana sweta. Nikasema kimoyomoyo: mtu asiyeuliza viatu vyake viko wapi ana haraka ya kufika mahali.

"Kiatu changu kiko wapi?" akauliza Kipriani.

"Kimebaki kulinda nyumba," akajibu baba yake.

"Kinafanya nini?"

"Kinakungoja."

Nilishajiandaa. Niliwaambia nina spoku za kununua Kasulu, kwa hiyo tutafuatana. Aneth alifurahi. Mwalimu alinitazama kwa muda ambao shemeji hapaswi kumtazama shemeji, kisha akasema, "Karibu." Mama alinisindikiza mpaka njiani, akaninong'oneza: "Wakivuka Kasulu, mshike mtoto mmoja."

"Yupi?"

"Yeyote. Nusu itairudisha nusu."

Tukapanda gari mpaka Kibondo, na kutoka Kibondo basi la Kasulu. Vumbi la barabara ile mnalijua. Tulifika wote tuna rangi moja, hata kabila usingelijua. Njiani kulikuwa na kizuizi cha ukaguzi. Ofisa kijana, ana sauti ya redioni, akasimama mbele ya kiti chetu.

"Mnakwenda wapi?"

"Kasulu," Mwalimu akasema.

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kasulu kuna nini cha kutembelea?"

"Watoto hawajaiona."

Ofisa akawaangalia watoto, akaangalia ndala zao. "Hata mimi nimeiona, sijaitembelea. Karatasi."

Mwalimu akafungua begi, akatoa bahasha ya kaki. Humo akatoa vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho. Nilishukuru Mungu kwa macho yangu ya fundi, maana nyuma ya vyeti niliona karatasi nyingine zilizobanwa pamoja, ya nyuma ina muhuri wa bluu, na yeye akazisukuma ndani haraka kwa kidole gumba, kama anayezuia panya asitoke.

"Na huyu?" Ofisa akanielekezea mimi.

"Shemeji. Ananifuata."

"Kwa nini anakufuata?"

"Muulize mwenyewe," Mwalimu akasema. Abiria wakacheka. Mimi nikatoa karatasi zangu, kazi yangu haikuwa kuchekwa.

Kasulu tulifikia gesti moja karibu na soko, vyumba viwili. Nawaambia ukweli, Kasulu mimi naijua kama naijua freewheel ya baiskeli. Lakini nilipowapeleka sokoni nilipotea mara mbili, kwa sababu walikuwa wamehamisha wauza samaki wa migebuka, si kosa langu. Watoto walishangaa kila kitu. Winifrida alihesabu bodaboda mpaka akafika kumi na tisa, akaishiwa namba, akaanza tena moja. Kipriani alitaka kujua kila mtu aliyempita anakwenda kwa nani.

Lakini mimi namsimulia Mwalimu. Siku ile nzima alikuwa anamtafuta Aneth pembeni. Anasema, "Mama Wini, njoo uone vitambaa hivi," nami naona vitambaa. Anasema, "Mama Wini, twende kunywa chai," nami nina kiu ya chai. Mpaka kugawana vyumba, akaomba watoto walale na mimi. Nikakataa, nikasema nakoroma. Ni kweli nakoroma, lakini sababu ilikuwa nyingine: mwenye neno la kumwambia mke wake faraghani, siku aliyombeba mbali na mama yake, ni lazima nilisikie na mimi.

Simu yake ililia mara nne. Kila mara alitoka nje akaongea lugha ya kwao. Mimi lugha ya Njombe siijui, lakini "ndiyo" na "hapana" za binadamu zinafanana shingoni. Nilimwona akitikisa kichwa, akitikisa, akitikisa. Mara ya nne hakutikisa. Alitulia tu.

Jumamosi asubuhi alisema anakwenda kununua mkate. Nikamfuata kwa mbali. Hakununua mkate. Alikwenda stendi, akasimama mbele ya kijana anayekata tiketi, nami nikasimama nyuma ya mkokoteni wa miwa.

"La Kigoma linatoka saa ngapi?"

"Saa nne, mkuu. Siti zipo. Wangapi?"

"Na treni ya Kigoma kwenda Dar, siku gani?"

Kijana akamtajia siku. Mwalimu akatia mkono mfukoni. Mkono ukakaa mfukoni. Mimi nilikuwa nimeukumbatia muwa wa watu mpaka mwenyewe akaniuliza nanunua au namlilia. Mwisho Mwalimu akasema, "Asante, nitarudi," akaondoka. Mkate aliununua njiani, nami nikapita njia ya mkato kufika kabla yake.

Nikasema, Bazilio, sasa ni sasa. Aneth alikuwa uani anawaogesha watoto. Mlango wao ulikuwa wazi. Najua mtasema nini, nami nawajibu: mlinzi asiyeingia ndani analinda ukuta. Nikaifungua bahasha.

Karatasi mbili zimebanwa na pini. Nikasoma kwa kidole, neno baada ya neno, maana maandishi ya ofisi hayamhurumii mtu wa darasa la sita. YAH: UHAMISHO WA KITUO CHA KAZI. Chini kidogo, kwamba ombi lake la mwaka elfu mbili na sita limekubaliwa. Mwaka ule ndio aliofika, kabla hata ya kumjua Aneth! Kituo kipya, Njombe. Na kwamba aripoti kabla ya au ifikapo tarehe thelathini na moja mwezi wa nane.

Nikahesabu vidole. Leo ni Jumamosi. Leo ni tarehe thelathini na moja.

Mama alikuwa kwenye ungo wake, kilomita zote zile, na alikuwa ameona. Nikawaza kuichana ile barua, nikaogopa, ni mali ya serikali. Ndipo maneno ya mama yakanijia. Ukiacha nusu. Nikaichomoa pini, nikaichukua karatasi ya pili, ile yenye sahihi na muhuri, nikaikunja nikaitia ndani ya soksi yangu. Ya kwanza nikairudisha na vyeti. Barua isiyo na muhuri ni porojo tu, hata Njombe watamcheka. Nikatoka nikiwa najiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Tangu hapo nikamshika Kipriani mkono. Saa nne ilipita, basi la Kigoma likapita na honi yake, na Mwalimu akaligeukia likipita. Sikumwachia mtoto.

"Mjomba, unaniumiza."

"Pole, baba. Nakupenda."

"Nipende taratibu."

Mchana Mwalimu akatupeleka studio ya picha. Nikajua, picha za pasipoti hizo. Lakini alimwambia mpiga picha anataka picha moja kubwa, wote wanne. Nyuma kulikuwa na pazia limechorwa ndege na ngazi zake. Aneth akasimama, Mwalimu akakaa, Winifrida akawekwa magotini na Kipriani chini. Mpiga picha akainama, akachungulia, akainuka.

"Mwalimu, mama ana viatu vizuri, lakini hawa wengine mmevaa kama mmetoka bafuni."

"Piga tu," Mwalimu akasema.

"Picha ya nani hii?"

"Ya mama yangu. Hajawaona."

Mpiga picha akafikiri, kisha akaleta chombo cha maua ya plastiki akakiweka mbele ya miguu. Kwa hiyo kama uko Njombe na unaiona picha ile, nyuma ya yale maua kuna ndala na yeboyebo. Nilianza kuona kitu hakikai sawa. Mtu anayempelekea mama yake watoto wenyewe, picha ya nini? Lakini shaka ikishaingia mwilini ni kama funza. Hata ukimtoa, unajikuna.

Kutoka studio alituongoza hadi karibu na chuo cha ualimu alichosomea. Tulikaa kwenye majani upande wa barabara, tukala mahindi ya kuchemsha. Akawaonyesha watoto dirisha la bweni.

"Lile la tatu. Hapo nilikuwa nalala."

"Na kiatu chako?" akauliza Kipriani.

"Nilikuwa navyo viwili wakati ule."

Watoto wakaanza kukimbizana. Mwalimu akaiweka bahasha magotini. Akanitazama.

"Shemeji, siku mbili nimejaribu kukukwepa nizungumze na mke wangu, nimeshindwa. Nilimleta huku kwa sababu nyumbani kila mlango una sikio la mtu, na wewe ukaja na sikio lako. Basi kaa, usikie."

Akafungua bahasha. Akatoa karatasi. Moja. Akaigeuza, akachungulia ndani ya bahasha, akaitikisa. Halafu akanyoosha mkono kwangu, mkono wazi, bila hasira, kama anavyomwomba mwanafunzi daftari lililofichwa.

"Nusu nyingine, shemeji."

Niseme nini? Nikavua kiatu. Nikatoa karatasi kwenye soksi. Ilikuwa na joto na imekunjamana, na muhuri wa bluu umeanza kuhamia kwenye kisigino changu. Aneth alitutazama sisi wawili kama watu waliokutwa kwenye shamba la jirani.

"Nini hicho?"

Mwalimu akampa zote mbili. Aneth amemaliza kidato cha nne, hakuhitaji kidole. Alisoma mara moja akafika mwisho, akarudi kwenye tarehe.

"Leo," akasema.

"Leo," Mwalimu akasema. "Iliingia mwezi wa tatu. Niliiomba nikiwa mgeni, nalala nikililia baridi ya kwetu. Miaka saba. Nilikuwa nimeshaisahau. Ilipokuja, kaka yangu akaanza kupiga simu: mama amezeeka, njoo. Jana ameniambia hata nikichelewa wiki, ataongea na watu, nitapokelewa. Leo asubuhi nilikuwa stendi, na nauli nimeishika."

"Nilikuona," nikasema.

"Najua. Wewe na miwa." Akaendelea kumwambia Aneth: "Nikashindwa kuitoa. Nikamkumbuka mama yako alivyovichukua viatu. Vitatu, vya kushoto, na akaamini vitatosha. Nikasema siwezi kumfanyia hivi mwanamke aliyeacha chungu motoni. Kwa hiyo nimeamua kuiacha tarehe ipite hapa, mahali nilipoanzia, na nyie mkiwa nami. Ikifika jioni, imekwisha. Picha nitampelekea mama yangu."

Nikaona aibu ya soksi yangu. Nikajiandaa kumshika mkono shemeji yangu mbele ya barabara nzima, nimwite ndugu, nimpigie makofi yote anayostahili. Aneth akaniwahi.

"Na mimi nani aliniuliza?"

Mwalimu akaliweka hindi lake chini.

"Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane." Alihesabu kwa kupiga karatasi kwenye goti. "Miezi sita umelala na barua hii. Mama ameamua kwa viatu. Kaka ameamua kwa soksi. Wewe umeamua stendi. Nani aliwaambia kwamba mimi sitaki kwenda?"

"Aneth," nikasema, "mama..."

"Kaka, nyamaza kidogo, umefanya kazi ya kutosha." Akamgeukia mumewe, sauti imeshuka. "Miaka sita unanisimulia ile baridi. Viazi vyenu. Ukungu unaoingia mpaka jikoni. Unadhani nilikuwa nakusikiliza ili usinzie? Nilizaliwa uani kwa mama, nikaolewa uani kwa mama. Mji mkubwa niliolala ni huu, na nimelala jana."

Mwalimu akahesabu kwa vidole. "Basi bado wiki ya kaka..."

"Sitaki ya kaka yako. Sitaki kuondoka kama mwizi na watoto wenye ndala, mama akibaki na viatu mkononi. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, siku nitakayokuwa tayari. Utaomba upya. Safari hii na mimi naandika." Akazikunja karatasi zote mbili, akazitia ndani ya gauni lake. Huko sikuweza kuzifuata.

Jumapili baada ya misa tulirudi. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, uso umeelekea njia. Hakusimama. Alitukodolea macho, akituhesabu tunavyoshuka kwenye gari mmoja mmoja: Winifrida, Kipriani, Mwalimu, Aneth, mimi. Akahesabu tena. Ndipo akaingia ndani, akatoka na viatu vitatu vya kushoto ndani ya ungo, vimefutwa vumbi. Kipriani alikichukua chake akakinusa, akakiuliza kama kililala vizuri. Mwalimu aliinama, akapiga makofi ya salamu, taratibu, yote, mpaka ya mifugo. Mama akaitikia yote. Akampa kiatu chake kwa mikono miwili. Katika miaka sita sikuwahi kuona anampa mkwe kitu kwa mikono miwili.

Baadaye akaniita jikoni.

"Haya."

"Mwalimu ni mtu, mama. Barua ilikuwapo, kweli. Ameiacha ife. Ameiacha kwa ajili yako."

Mama akashusha pumzi iliyokaa kifuani tangu Jumatano, kama si tangu sabini na mbili. Akaonja mchuzi. "Na Aneth alisemaje?"

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Hata msibani naombwa nipunguze. Lakini jibu lile halikuwa langu kulitoa. Aneth alikuwa amesema atamwambia mwenyewe. Nikatazama moto. Nikasema mchuzi unanukia vizuri.

Mama akachukua chumvi, akatia, akafunika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye benchi nikimngoja mtu na pancha yake. Aneth akatoka barazani, akainama, akachungulia chini ya kiti, akainuka.

"Kaka, umekiona kiatu changu?"

"Kipi?"

"Cha kushoto."

Mwalimu alikuwa mlangoni na chaki zake. Aliutazama mstari: vyake viwili, vya Winifrida viwili, vya Kipriani viwili, cha Aneth kimoja. Akautazama mlango wa mama, ulikuwa umefungwa. Alianza kucheka, na Aneth naye, mpaka machozi, lakini machozi ya Aneth yalichelewa kukauka.

Sasa ni mwaka elfu mbili na kumi na tano. Ombi lao jipya lilipelekwa Kibondo mwezi wa kwanza uliofuata, lina sahihi mbili. La kwanza lilichukua miaka saba, na mama anasema kungoja si kazi ngeni kwake. Kile cha kushoto mama hajakirudisha, na Aneth anakwenda kanisani na viatu vingine alivyonunua. Lakini Jumapili asubuhi Mwalimu akikaa na brashi yake, akimaliza vile vya jozi, anakichukua na kile kimoja cha kulia cha Aneth, anakipaka dawa, anakisugua mpaka kinang'aa, anakiweka mwisho wa mstari, ncha ikitazama nje. Sijui kama anamtania mama au anakitayarisha. Nimemwuliza, hajibu. Namwangalia tu.